Mapenzi ya Mungu na Magunia Yangu

Sisi watu wa ziwa Tanganyika tunalo neno moja tunalolisema kila tunapofiwa. Mtoto akifa kwa homa, twasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Nyumba ikiungua, twasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mvua ikikosa, au ikizidi, neno ni lile lile. Ni neno jema, tulifundishwa na wazazi wetu, nami nalisema hata sasa. Lakini leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyolitumia vibaya muda wa miaka 9, na jinsi fundi mmoja wa cherehani, asiye wa dini yangu, alivyonifungua macho bila mwenyewe kujua analolifanya.

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa kiangazi, mwaka wa 2014, mdogo wangu alikufa maji. Alikuwa akisafiri usiku katika boti ya mbao, kutoka kwetu upande wa Baraka kwenda sokoni Uvira. Boti ilichukua watu, unga wa muhogo, ndagala wakavu na bidoni za mafuta ya mawese. Upepo wa kusini ulivuma kwa nguvu, kama ilivyo desturi yake katika miezi hiyo. Wimbi moja likaingia, watu wakakimbilia upande mmoja, boti ikalala. Wengi waliokolewa na wavuvi. Watu 3 hawakuokolewa, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Aliacha mke na watoto 4.

Siku ya maziko nilisema mimi kwa niaba ya ukoo, kwa kuwa ni mkubwa, tena ni mwalimu, na watu wamezoea kunisikiliza. Nilimgeukia mjane, nikamwambia, "Shemeji, jipe moyo. Haya ni mapenzi ya Mungu." Watu wakaitikia. Yeye hakuitikia. Alinitazama tu, kisha akainamisha kichwa.

Yako maneno mengine ambayo siku ile sikuyasema. Nitayasema mahali pake.

Kalenda ukutani

Fundi ninayesimulia habari zake ni jirani yangu, amenipita miaka michache. Kibanda chake kiko kando ya njia ya soko. Yeye ni Mbahai. Wabahai si wageni katika Kongo yetu. Huku Kivu ya Kusini wako katika vijiji vingi, na mwezi wa tatu mwaka wa 2023 walifungua mjini Kinshasa nyumba kubwa ya ibada yenye pande 9. Mwaka ule nilimpelekea suruali yangu aitie kiraka, nikaona ukutani ameweka picha ya nyumba hiyo, na chini yake karatasi yenye majina mengi yaliyopangwa safu safu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Maneno yakiandikwa ukutani, lazima niyasome. Nikaanza kwa sauti: Jalal, Jamal, Azamat, Nur, Rahmat, Kalimat, Kamal.

"Mzee, hii ni kalenda ya Waislamu?" nikauliza.

"Hapana, Mwalimu. Ni yetu. Mwaka wetu una miezi 19, na kila mwezi una siku 19. Kila mwezi una jina la sifa ya Mungu, na kila siku vile vile."

Nikapiga hesabu kichwani. 19 mara 19 ni 361. "Na siku zinazobaki mnazipeleka wapi?"

Akacheka. "Ziko 4, na mwaka mwingine 5. Tunaziweka kabla ya mwezi wa mwisho, kwa kukaribisha wageni na kuwapa maskini. Halafu mwezi wa mwisho tunafunga, na mwaka mpya waanza yapata tarehe 21 mwezi wa tatu."

Jambo lililonishangaza ni kwamba majina yale, ijapokuwa kalenda imetoka mbali, yalikuwa kama jamaa zangu. Nur ni nuru. Rahmat ni rehema. Kamal ni ukamilifu. Azamat ni adhama. Ilm ni elimu. Qudrat ni kudura. Qawl ni kauli. Mulk ni milki. Sultan haina haja ya kufasiriwa. Sababu yake ni wazi: ni maneno ya Kiarabu, na Kiswahili kiliyapokea pwani zamani sana, kisha misafara ya biashara ikayaleta mpaka huku ziwani. Basi nilikuwa nimekwisha kuyajua majina hayo kabla sijamjua Mbahai hata mmoja.

Mwezi wa 15 ukanisimamisha. Jina lake ni Masail, yaani maswali. "Mzee, hata maswali ni sifa ya Mungu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema, akikata uzi kwa meno. "Mimi mwenyewe nafikiri maana yake ni kwamba Mungu hachukii kuulizwa."

Nikarudi juu kidogo. Mwezi wa 9 ni Asma, maana yake majina. Mwezi wa 11 ni Mashiyyat. Neno hili sikulijua. Nikamwuliza.

"Ni mapenzi, Mwalimu. Matakwa. Mapenzi ya Mungu."

Nikachukua suruali yangu, nikalipa, nikaenda zangu. Yeye alidhani nina haraka.

Jua na kioo

Hata hivyo nilirudi, tena mara nyingi. Aliniazima vitabu, vingine vya Kiswahili, vingine vya Kifaransa. Nitaeleza kwa ufupi niliyoyafahamu, tena kwa haki, kama nami ningependa mtu mwingine aeleze dini yangu.

Dini hii ilianza Uajemi, nchi iitwayo leo Irani. Mwaka wa 1844, katika mji wa Shiraz, kijana mfanya biashara alitangaza ya kuwa ametumwa na Mungu. Aliitwa Bab, maana yake Mlango. Mwaka wa 1850 wakuu wa serikali walimwua kwa risasi katika mji wa Tabriz. Kati ya waliomfuata alikuwako mtu wa ukoo mkubwa, aliyezaliwa Tehran mwaka wa 1817. Mwaka wa 1852 alitiwa katika shimo la giza chini ya ardhi, mnyororo shingoni, na humo, kadiri alivyoandika baadaye, alipata mwito wake wa kwanza. Anajulikana kwa jina la Baha'u'llah, yaani Utukufu wa Mungu. Walimhamisha kutoka mji hata mji: Baghdad, kisha Istanbul, kisha Edirne, na mwaka wa 1868 wakamfunga katika ngome ya Akka, kando ya bahari ya Palestina, iliyokuwa chini ya Waturuki. Alikufa karibu na mji huo mwaka wa 1892.

Sasa juu ya majina ya Mungu wanafundisha hivi. Dhati ya Mungu, yaani Mungu mwenyewe alivyo, hakuna kiumbe awezaye kuijua. Tukimwita Mwenye Rehema, au Mwenye Elimu, au Mwenye Enzi, hatukumpima wala hatukumzunguka. Tumetaja tu mianga inayotufikia. Hakuna mtu aliyepanda juani, walakini kila mtu anajua nuru ya jua na joto lake. Kila kiumbe huonyesha jina mojawapo la Mungu, kidogo au zaidi. Mwanadamu ameumbwa aweze kuyaonyesha yote, iwapo atausafisha moyo wake kama mtu asafishavyo kioo chenye vumbi. Tena wako wachache ambao ni kioo kisicho na doa. Wanawataja Abrahamu, Musa, Zoroaster, Buddha, Yezu, Muhamadi, Bab na Baha'u'llah. Ukitazama kioo hicho waona jua kamili, lakini jua halikushuka likaingia ndani ya kioo.

Hapa mimi na fundi tuliachana njia, wala sikumficha. Sisi Wakatoliki twasadiki ya kuwa Neno wa Mungu alijifanya mtu, akakaa kwetu. Hatusemi ya kwamba alikuwa kioo tu. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Najua, Mwalimu. Wewe wasema jua lenyewe, mimi nasema kioo. Lakini sote wawili tunaota joto lile lile." Sikukubali jibu lake, walakini sikukasirika. Mtaguso wa Vatikano ulitufundisha mwaka wa 1965 ya kuwa Kanisa halikatai lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Nikaendelea kusikiliza.

Juu ya mapenzi wanafundisha jambo lenye kina. Bab alisema ya kuwa Mungu aliyaumba Mapenzi kwanza, na kwa Mapenzi hayo akaumba vitu vyote vingine. Mitume wakubwa ndio Mapenzi hayo yakionekana kati ya watu, kila moja kwa wakati wake. Ndiyo sababu ufunuo kwao haukuja mara moja ukakoma. Huja tena na tena, kama asubuhi. Fundi alinieleza faida ya fundisho hilo kwa maneno yake ya cherehani: "Mtu akiniletea kitambaa bila kipimo, siwezi kusema najua anachotaka. Lazima aniambie. Vivyo hivyo hatujui Mungu anataka nini kwa kutazama kila linalotuangukia. Tunajua kwa yale aliyotuambia kwa vinywa vya wajumbe wake. Na aliyotuambia ni haki, kweli na huruma."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Yaani mapenzi ya Mungu hujulikana kwa yale aliyoyafunua, siyo kwa kila ajali. Nilijaribu kuyakataa kwa sababu yametoka kwa mtu wa dini nyingine. Lakini nilipokumbuka katekisimu niliyofundishwa utotoni, niliona ya kwamba sisi nasi twafundishwa vivyo: Mungu hataki ubaya, bali auruhusu tu, kwa kuwa ametuumba wenye hiari. Nilikuwa nimelisoma fundisho hilo miaka mingi, tena nimewafundisha watoto, nisilitie moyoni.

Jina ni kama koti

Siku nyingine nilimkuta akishona koti la arusi. Nikamwuliza kwa nini wanayapenda majina namna ile. Akasema, "Tunayapenda, tena tunayaogopa. Jina ni kama koti hili. Mungu anamvika mtu, mtu apendeza. Lakini koti si mwili. Akilichafua, atavuliwa."

Akanisimulia habari za watu wa kwanza wa dini yake, nami nikazithibitisha katika vitabu.

Baha'u'llah alikuwa na ndugu wa baba mmoja, aliyeitwa Subh-i-Azal. Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina hilo: subuhi ya azali, yaani asubuhi ya milele. Ni jina kubwa kabisa. Walakini ndugu hao walitengana walipokuwa Edirne. Wafuasi wake Azal wanaeleza mambo hayo kwa namna nyingine, lakini Wabahai wanasema ya kuwa yeye alilishika jina akaacha kazi ya jina. Alipelekwa kisiwa cha Kipro, akafa huko mwaka wa 1912. Kwao yeye ni onyo: mtu aweza kuitwa Asubuhi na kubaki gizani.

Kwa upande wa pili alikuwako mwana wa kwanza wa Baha'u'llah, aliyeongoza Wabahai baada ya baba yake mpaka alipokufa mwaka wa 1921. Watu walitaka kumpa majina makubwa. Yeye alikataa, akajiita 'Abdu'l-Baha, maana yake mtumishi wa Baha, wala hakutaka jingine.

Tena alikuwako kijana wa Nishapur, aliyefika Akka mwaka wa 1869 mwenye umri wa miaka 17. Alikwenda kwa miguu, akaingia mjini amechukua kiriba kama mchota maji. Baha'u'llah alimpa barua ya kumpelekea mfalme wa Uajemi, na jina jipya, Badi, yaani cha ajabu. Kijana alirudi peke yake, kwa miguu, miezi mingi njiani, akasimama mbele ya mfalme akatoa barua. Walimtesa kwa vyuma vya moto, wakamwua. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuitupa barua katika mto wowote wa njiani, wala hakuna mtu angalijua.

"Unaona, Mwalimu," fundi akasema, "jina alipewa bure. Kwenda alikwenda mwenyewe."

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikifikiri juu yangu. Watu huniita Mwalimu. Mapadri wa misioni walinipa jina hilo nilipokuwa kijana, nami nimelivaa mpaka limekuwa kama ngozi. Siku ya maziko ya mdogo wangu nililivaa, na juu yake nikavaa jina la Mungu mwenyewe, ili watu wasione kilichokuwa chini.

Usukani

Katika vitabu alivyoniazima kimo kimoja chenye majibu ya 'Abdu'l-Baha. Mwanamke mmoja Mmarekani, Laura Clifford Barney, alikwenda Akka kati ya mwaka wa 1904 na 1906, akamwuliza maswali mengi, hasa wakati wa chakula cha mchana. Majibu yakaandikwa, na kitabu kikapigwa chapa mwaka wa 1908. Nilikisoma usiku, taa ikiwa karibu.

Liko swali juu ya Mungu ajuaye yote. Kama Mungu alijua tangu mwanzo nitakalolitenda, je, mimi naweza kulaumiwa? 'Abdu'l-Baha anajibu kwa mfano. Wataalamu wa nyota wanajua saa ambayo jua litapatwa na giza. Wanajua mbele, tena hawakosei. Je, kujua kwao ndiko kunakolitia jua giza? Hapana. Vivyo hivyo kujua kwa Mungu hakutusukumi.

Liko na swali juu ya hiari ya mtu. Anajibu ya kuwa mambo ni ya namna mbili. Yako yasiyo mkononi mwetu: usingizi, ugonjwa, kifo. Hayo hatuulizwi. Na yako yaliyo mkononi mwetu: kutenda haki au kudhulumu, kutenda jema au baya. Hayo tutaulizwa. Kisha anatoa mfano wa chombo majini. Chombo hakina nguvu ya kwenda chenyewe. Upepo ndio unaokisukuma, au mvuke. Upepo ukikosa, kinasimama. Lakini usukani hukigeuza upande huu au upande ule, na upepo ule ule hukipeleka popote usukani unapoelekea. Nguvu zote ni za Mungu, uhai, pumzi, mkono unaoinuka. Kugeuza ni kwetu.

Nilipofika penye mfano huo nilikifunga kitabu. Nafikiri kila msomaji wa ziwani ataona kwa nini. Nilizima taa, nikakaa gizani. Mke wangu akauliza, "Baba, huoni usingizi?" Nikajibu, "Macho yananiuma." Hata hilo lilikuwa uwongo.

Magunia 12

Sasa nitayasema maneno niliyoyaacha.

Katika boti ile yalikuwamo magunia 12 ya unga wa muhogo. Yalikuwa yangu. Bei ilikuwa imepanda Uvira, nami nilitaka fedha kabla ya mwaka wa shule. Nahodha alipoyaona kandoni mwa ziwa alisema, "Mwalimu, imetosha. Tungoje kesho." Mimi nikamwambia ananidharau. Nikamwongezea franka. Akatazama maji, akatazama franka, akapakia. Mdogo wangu yeye hakuwa na safari. Nilimtuma mimi, alinde magunia yasiibiwe.

Upepo ule ulikuwa wa Mungu. Wimbi lilikuwa lake. Kifo cha mdogo wangu hakikuwa mkononi mwangu. Lakini magunia yalikuwa mkononi mwangu. Franka zilikuwa mkononi mwangu. Na ulimi uliosema "Ni mapenzi ya Mungu" mbele ya kaburi ulikuwa wangu, siyo wa Mungu.

Amri ya pili yatukataza kulitaja bure jina la Mungu. Mimi nilidhani amri hiyo ni kwa ajili ya walevi wanaoapa vilabuni. Sikujua ya kwamba mtu aweza kuivunja akiwa amesimama wima, kofia mkononi, watu wote wakimwitikia.

Nilikwenda kuungama. Bwana Padri alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa sala ndefu. Aliniambia ya kuwa Mungu amenisamehe, lakini liko deni moja ambalo halilipwi kanisani. "Nenda kwa mjane," akasema.

Ilinichukua wiki tatu. Mara mbili nilifika mpaka kwenye migomba yake, nikarudi. Mara ya tatu aliniona, akaniita mwenyewe: "Shemeji, karibu."

Nikaketi. Nikamweleza yote, magunia, nahodha, franka, na kwamba ni mimi niliyemtuma mume wake. Hakulia. Alikuwa akichambua maharagwe, akaendelea kuchambua. Nilipokwisha, akasema, "Magunia niliyajua, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Wavuvi waliniambia. Nilingoja uje useme wewe."

"Kwa nini hukuniambia kitu?"

Akaiweka chini sinia. "Wewe ulikuwa umekwisha kuniambia mbele ya watu ya kuwa ni Mungu. Je, nibishane na Mungu? Nilinyamaza. Lakini tangu siku ile sikusali tena. Nilikuwa napeleka watoto Misa, nakaa nje. Nilisema moyoni, kama yeye ndiye aliyetaka hawa 4 wakose baba, basi wengine wamwite mwenye rehema, mimi siwezi."

Wasomaji wapenzi, maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenipiga. Nilikuwa nimedhani kosa langu ni moja, yaani ulafi wa fedha. Kumbe lilikuwapo la pili, kubwa zaidi. Nilikuwa nimemnyang'anya mwanamke huyu jina moja la Mungu. Lile jina la mwezi wa 6 katika kalenda ya fundi, ambalo ni jina letu pia, nililichukua nikalifunika kaburi, ili mimi nisionekane. Miaka 9 alikaa bila hilo.

Hakuniambia, "Nimekusamehe." Nisingependa kuwadanganya ninyi mnaosoma. Aliniambia, "Njoo kesho jioni, uwaambie watoto." Nikaenda. Yule mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 11 baba yake alipokufa, na sasa ni kijana mwenye ndevu, aliondoka kabla sijamaliza. Muda wa miezi mingi tulipishana njiani asinisalimu. Nilistahili. Ada ya shule ya wadogo zake naitoa mimi, nayo si malipo. Ni kazi ambayo ilikuwa ya mwingine.

Neno la mwisho

Fundi hajui habari hizi, isipokuwa akisoma ukurasa huu. Bado tunabishana juu ya jua na kioo, nami bado nasadiki nililobatizwa nalo. Lakini nimejifunza kwake kuyaogopa majina. Katika Sala ya Bwana tunaomba kwanza Jina la Mungu litukuzwe, ndipo baadaye tunaomba mapenzi yake yafanyike. Nimesali hivyo tangu utoto, wala sikufikiri kwa nini jina linatangulia. Sasa nafikiri ni kwa sababu mtu asiyeliheshimu Jina atakuwa na haraka ya kuyataja Mapenzi, hasa yakimfaa mwenyewe.

Ndugu msomaji, siku utakapofiwa, au utakaposimama mbele ya mtu aliyefiwa, usiache kumtaja Mungu. Bali kwanza tazama mikono yako. Ikiwa ni mitupu, sema kwa amani ya kuwa ni mapenzi ya Mungu. Ikiwa inashika kitu, sema kwanza unachoshika. Wahenga walisema, msema kweli mpenzi wa Mungu.

Mwaka jana, siku ya kumkumbuka mdogo wangu, tulikusanyika nyumbani kwa mjane. Watu walinitazama mimi nianzishe sala, kama desturi. Lakini alianza yeye. Alipofika penye Jina, sauti yake ilisikika wazi. Alipofika penye Mapenzi, alinyamaza kidogo, tukangoja wote. Kisha akaendelea, na kijana wake, aliyesimama mlangoni, akaitikia pamoja nasi.